Maswali ya Wasomaji: Bundi Aliyeruka Kabla ya Magharibi

SWALI: Ndugu Mwandishi, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga. Nyuma ya nyumba yangu pana shamba la zamani la mkonge lililoachwa likageuka nyasi, na chini yake kuna bonde la mpunga ambalo mwaka huu maji ya masika yamekawia kukauka. Jioni moja, jua likiwa bado halijazama, nilimwona ndege mkubwa kiasi, wa rangi ya kahawia, akiruka chini chini juu ya nyasi, akienda na kurudi. Nikadhani ni mwewe. Alipopita karibu na ua nikaona kwamba hana shingo, kichwa chake ni cha duara na uso wake ni bapa. Mabawa yalikuwa marefu, na karibu na ncha kulikuwa na eneo la rangi ya mchanga lililoonekana wazi jua lilipompiga. Sikusikia mlio wowote. Ghafla alijitupa majanini, akainuka mikono mitupu, akaendelea na safari yake. Baadaye nilimwona tena katika majira yale yale, ametua juu ya nguzo ya uzio. Bundi ninaowajua mimi hulia usiku mwembeni. Jirani anasema bundi kutoka mchana ni uchuro, na vijana wa mtaa wameshaandaa manati. Mpwa wangu, aliyewahi kuongoza wageni Amani, anasema huenda ni bundi wa Usambara aliyeshuka kutoka milimani. Ni nani huyu?
Mwalimu Mstaafu, Pongwe, Tanga

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Barua yako imenifurahisha, kwa sababu umeandika ulichokiona mbali na ulichokidhania, na hilo ndilo linalowezesha ndege kutambuliwa na mtu ambaye hakuwapo. Nitakupa jibu langu mapema, kisha nieleze nilivyolifikia: ninaamini umemwona bundi wa majanini, ambaye jina lake la kisayansi ni Asio capensis. Huyu ni bundi wa mbuga zenye unyevu, na huzungumzwa zaidi katika nyanda za juu kuliko katika mwambao wetu. Kwa hiyo mshangao wako una msingi, na ushahidi wako unastahili kupimwa kwa makini kabla haujaandikwa popote kama jambo la hakika.

Tuanze na swali la kwanza kabisa, yaani kama ndege huyo ni bundi. Mwewe tunaweza kumwondoa upesi, kwa kuwa mkia wake una mwanya katikati na huupinda huku na huku anaporuka, na tena hupenda kuzunguka juu kuliko kukwangua nyasi. Mpinzani wa kweli ni kipanga wa mabondeni, yule mwembamba mwenye mkia mrefu anayeruka chini chini juu ya majaruba na matete. Huyo huwinda kama ulivyoeleza, na uso wake pia una umbo la duara kidogo kwa sababu naye hutumia masikio kumtafuta panya. Wengine wa jamii yake hutufikia kutoka Ulaya na Asia kuanzia mwezi wa Oktoba na kuondoka kufikia Aprili, lakini yuko pia wa hapa hapa Afrika, basi miezi peke yake haitoshi kutusaidia. Kinachosaidia ni mabawa na kichwa. Kipanga huyo anapoacha kupiga mabawa huyainua juu ya mgongo, yakafanya pembe iliyo wazi ukimtazama kwa mbele, na kichwa chake kidogo hujitokeza mbele ya mabawa. Bundi huwa na kichwa kikubwa kinachoonekana kimebandikwa moja kwa moja mabegani. Wewe umeandika, bila kuulizwa, kwamba hana shingo. Mimi nalikubali neno hilo.

Sasa ni bundi yupi? Hapa watu wengi hukimbilia kuuliza kuhusu "masikio", yaani vile vishungi viwili vya manyoya vinavyosimama kichwani. Alama hiyo inafaa bundi akiwa ametua, lakini akiwa hewani hupotosha sana, kwa sababu bundi mwenye vishungi huvilaza anaporuka na kichwa chake kikaonekana laini kama cha wengine wote. Katika kuruka, mambo ya kuyatazama ni ukubwa, urefu wa bawa likilinganishwa na mwili, rangi ya tumbo na ya upande wa chini wa bawa, namna anavyopiga mabawa, saa aliyotoka, na mahali anapowinda. Mambo hayo, yakichukuliwa pamoja, huondoa karibu kila jina tunaloweza kulidhania.

Bundi unayemsikia mwembeni, Mwalimu, kwa uwezekano mkubwa ni yule wa miti, Strix woodfordii, mwenye macho meusi na mwito wa milio kadhaa mifupi ambao mara nyingi dume na jike huitikiana. Mabawa yake ni mapana na mafupi, yanayomfaa kupenya katikati ya matawi, na hana desturi ya kuzunguka juu ya uwanja ulio wazi wakati jua lingali linawaka. Bundi mkubwa mwenye madoa, Bubo africanus, ambaye yuko mijini na vijijini, angeweza kabisa kutua juu ya nguzo yako. Huyo, hata hivyo, ni wa kijivu, macho yake ni ya manjano, kwa kawaida huanza kazi baada ya jua kuzama, na mara nyingi huwinda kwa kukaa juu ya kitu na kushuka ghafla. Hapigi doria juu ya nyasi. Bundi mweupe wa magofu nitamzungumzia katika barua inayofuata. Kwa sasa inatosha kusema kwamba usingemwita wa kahawia.

Kuhusu dhana ya mpwa wako, nimeifikiria kwa heshima, maana milima ya Usambara Mashariki ina bundi ambao watu husafiri kutoka mbali kuja kuwaona. Bundi mkubwa wa Usambara alielezwa kisayansi mwaka 1908, na jina lake, vosseleri, linamkumbuka Julius Vosseler, Mjerumani aliyefanya kazi katika taasisi ya utafiti ya Amani. Wapo wataalamu wanaomhesabu kuwa spishi ya pekee, na wapo wanaomweka pamoja na ndugu zake wa misitu ya Afrika Magharibi. Kwa vyovyote vile, yeye ni ndege wa msitu, mzito, wa usiku. Kumkuta akielea juu ya mkonge ulioachwa, mchana kweupe, ni jambo ambalo mimi singelipokea bila picha. Bundi mwingine maarufu wa huko ni yule mdogo wa Sokoke, Otus ireneae, ambaye alijulikana kwanza katika msitu wa Arabuko-Sokoke nchini Kenya katika miaka ya 1960, kisha akagunduliwa katika misitu ya chini ya Usambara Mashariki mwaka 1992. Huyo hazidi sana sentimita 16 au 17 kwa urefu, na usingeweza kumdhania kuwa mwewe hata kwa mbali.

Anabaki bundi wa majanini, na karibu kila neno la barua yako linamwangukia. Ana urefu wa sentimita 35 hivi, lakini mabawa yake ni marefu kuliko mwili unavyodokeza, yakikaribia mita moja kutoka ncha hadi ncha. Juu ni kahawia iliyokolea isiyo na madoadoa mengi. Karibu na ncha ya bawa, kwenye mashina ya manyoya makubwa ya kurukia, kuna eneo la rangi ya mchanga, na upande wa chini, kwenye kifundo cha bawa, pana doa jeusi. Hupiga mabawa polepole, huelea kidogo, hugeuka ghafla, kisha hushuka miguu ikining'inia. Mara nyingi hukosa, kama ulivyoshuhudia. Chakula chake ni panya, panzi na wadudu wengine, na mara nyingine ndege wadogo. Hutoka kuwinda jua likiwa bado lipo, jioni na hata asubuhi baada ya kupambazuka, na hutua juu ya nguzo za uzio au chini kabisa, majanini. Saa ile iliyomtisha jirani yako ndiyo saa yake ya kila siku.

Yuko mmoja tu anayenifanya nisite, naye ni bundi wa nyasi, Tyto capensis, ambaye pia hupenda nyasi ndefu zenye maji na pia ana rangi hafifu kwenye mashina ya manyoya ya bawa. Tofauti ni kwamba mgongo wake ni wa giza sana na tumbo ni jeupe-jeupe, kiasi kwamba akigeuka hewani utaona rangi mbili zilizoachana kabisa. Uso wake una umbo la moyo, na ni nadra kumwona kabla ya giza kuingia. Barua yako haikusema tumbo lilikuwa la rangi gani. Kwa hiyo nakuomba, akitua tena juu ya nguzo, utazame mambo mawili tu. La kwanza ni kifua, kama ni cha kahawia au cheupe. La pili ni macho: bundi wa majanini ana macho meusi yaliyozungukwa na weusi, ndani ya uso wa duara wenye rangi ya mchanga, na hali hiyo humfanya aonekane kana kwamba macho yake ni makubwa kuliko yalivyo. Simama mahali ambapo jua litakuwa mgongoni mwako. Ukiweza kuazima darubini, vema. Usipoweza, picha ya simu hata yenye ukungu inaonyesha umbo la bawa kuliko maelezo yangu yote.

Usimfuate ndani ya nyasi. Bundi huyu hutaga chini, ndani ya kichaka cha nyasi ambazo huzivuta na kuzilaza juu ya kiota kama paa, na katika sehemu nyingi hutaga mvua zinapoelekea kwisha au muda mfupi baadaye, wakati nyasi zingali ndefu. Mtu akikaribia kiota, mmoja wa wazazi huweza kuzunguka juu ya kichwa chake akitoa mlio mkavu wa kukwaruza. Ukiusikia, rudi nyuma kwa njia uliyojia. Na kama kuna mpango wa kuchoma majani ya shamba lile la mkonge, zungumza na wahusika wasubiri, au wafyeke kwa vipande wakiacha sehemu ya bondeni, kwa sababu moto wa majira haya humaliza mayai na makinda kabla mtu hajajua kwamba walikuwepo.

Kuhusu vijana na manati, hapa sina maneno ya kuzungusha. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuua ndege wa porini bila kibali, na hofu ya jirani si kibali. Nimekulia pwani, ninaijua hofu hiyo, na simdharau mzee anayekunja uso bundi akitua juu ya paa la nyumba yenye mgonjwa. Lakini ndege wako hakulia juu ya paa la mtu. Anawinda panya wale wale wanaokula mpunga wa bonde lenu, na wewe, kwa sauti ya ualimu ambayo haistaafu, una nafasi nzuri kuliko mimi ya kuwaita vijana hao uani saa kumi na mbili kasorobo wamtazame akifanya kazi. Kijana akishaona anavyogeuka hewani kumfuata panzi, manati huwa mazito mkononi.

Jambo la mwisho kwako: andika tarehe, saa, mahali, hali ya hewa, na uchore bawa kama ulivyoliona, hata kama mkono wako si wa mchoraji. Kuna mradi wa Atlasi ya Ndege wa Tanzania unaokusanya kumbukumbu za ndege nchi nzima, na ndege aliyeonekana mahali asipotazamiwa huhitaji maelezo zaidi kuliko kunguru wa sokoni. Andika kwamba hukuona tumbo. Kumbukumbu inayokiri pengo lake huaminiwa zaidi ya ile iliyojazwa kwa kukisia.

SWALI: Ninaishi Bagamoyo, Mji Mkongwe, jirani na nyumba ya mawe isiyokaliwa. Usiku hupita ndege mweupe kabisa juu ya uchochoro, bila sauti hata ya bawa, kisha tunasikia ukelele mkali unaowaamsha watoto. Mchana, chini ya ukuta, tunaokota vitonge vyeusi vyenye mifupa midogo ndani. Mke wangu ameogopa. Je, ni bundi, na vitonge hivyo ni vya nini?
Baba Watoto, Bagamoyo

JIBU: Ndiyo, ni bundi, na safari hii sina shaka. Ni Tyto alba, bundi mwenye uso wa umbo la moyo, anayependa majumba ya zamani, minara, mapango na dari. Tumbo na upande wa chini wa mabawa ni vyeupe, na ndiyo maana taa ya mtaani ikimpata kwa chini huonekana mweupe kupindukia, ingawa mgongo wake ni wa dhahabu iliyochanganyika na kijivu. Ukelele ule ni sauti yake ya kawaida, kwani yeye hana mlio wa kuguna kama bundi wa mwembeni. Makinda nayo hukoroma na kufoka usiku kucha yakidai chakula, na familia nyingi zimehama chumba kwa sababu ya sauti hiyo bila kujua kwamba juu ya dari pana kiota.

Ukimya wa kuruka kwake unatokana na mambo yanayoonekana kwa macho ukiokota unyoya wake. Ukingo wa mbele wa unyoya mkubwa wa bawa una vijinyuzi vigumu vilivyopangana, ambavyo hupasua upepo vipande vidogo vidogo. Uso wa unyoya una utando laini. Na ukingo wa nyuma umechanika nyuzinyuzi. Zaidi ya hayo mabawa yake ni makubwa kwa mwili mwepesi, basi hahitaji kuyapiga kwa nguvu. Ukimya huo unamficha kwa panya, na pia unamwezesha yeye mwenyewe kusikia. Tundu zake za masikio hazilingani kwa kimo, moja liko juu kidogo ya jingine, na tofauti hiyo humwonyesha sauti inatoka wapi kwa usahihi mkubwa. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba anaweza kumkamata panya katika giza totoro kwa kusikia tu.

Bundi wapo pia ambao hawakupewa ukimya huu. Yule mkubwa mwekundu-mwekundu wa mito mipana, Scotopelia peli, anayepatikana Rufiji, huvua samaki, na samaki hasikii bawa lililo hewani. Manyoya yake hayana vijinyuzi vile, na akiondoka mtini utamsikia. Hilo likumbuke kama siku moja utalala kando ya mto mkubwa na kumwona bundi anayeruka kwa kelele.

Vitonge ulivyookota si kinyesi. Bundi humeza panya mzima, kisha tumbo husokota manyoya na mifupa isiyosagika, na ndege hutapika kitonge hicho kabla ya kuwinda tena. Kiloweke katika maji ukifungue kwa kijiti mbele ya watoto, mkiwa mmevaa glavu na kunawa mikono baadaye, nanyi mtapata mafuvu ya panya yenye meno yake. Sijui njia iliyo bora zaidi ya kumwonyesha mama watoto kwamba ndege huyu anafanya kazi katika mtaa wenu.

Nina ombi moja zito. Acheni kutumia sumu ya panya katika nyumba zinazozunguka pale. Sumu nyingi haziui panya papo hapo. Panya hutembea amelegea kwa siku kadhaa, bundi humkamata kwa wepesi, na sumu ikahamia kwake na kwa makinda yake. Tumieni mitego. Na kama mwenye nyumba ataamua kuziba matundu ya paa, asubiri makinda yaruke. Hukaa kiotani takriban miezi miwili tangu kuanguliwa, na kwa kuwa mayai hutagwa kwa kupishana siku, mdogo huchelewa nyuma ya mkubwa, basi aliyetoka wa kwanza asichukuliwe kuwa wa mwisho.

SWALI: Naendesha bodaboda kati ya Tanga na Pangani. Usiku hukutana na bundi wadogo waliokaa barabarani, macho yao yakiwaka mekundu, nao huruka dakika ya mwisho. Kwa nini bundi hawa hukaa chini?
Dereva, Pangani

JIBU: Kaka, hao si bundi. Ni virukanjia. Bawa lao ni refu lenye ncha iliyochongoka, mkia ni mrefu, na madume ya aina nyingi huonyesha doa jeupe bawani yanapoinuka mbele ya taa. Wana mdomo mdogo unaofunguka kinywa kipana cha kunasia nondo na mende hewani, na miguu dhaifu isiyo na kucha za kukamatia panya. Hukaa barabarani kwa kuwa ni mahali pa wazi ambapo huweza kuona wadudu wakipita juu yao dhidi ya anga. Taa zako huwapumbaza, ndiyo maana huchelewa kuruka. Ukiona nukta nyekundu mbele, punguza mwendo na ushushe taa kwa muda. Wataondoka wenyewe, na nawe hutalazimika kuwakwepa kwenye mchanga.